Paa la Mwaka Ujao

Februari 1, Jumapili

Isko, mume wangu, angekuwapo nisingeandika. Kila jioni tulipofunga duka alikaa kwenye benchi, akavua ndara, akasema, "Haya Sela, niambie," nami nikamwambia siku nzima, tangu mkate wa asubuhi hadi ugomvi wa alasiri. Tulimzika Agosti. Maneno yameendelea kuja kila jioni na hayana pa kwenda, basi yaende humu.

La leo ni hili. Baada ya misa watoto wa ligi ya mpira wa kikapu walikwenda kwenye sakafu ya kinu cha mpunga, wanakocheza tangu mwanangu Ramil akiwa mdogo, wakakuta seng'enge pande zote. Wenye kinu wamemfuata binti yao Kanada, na mwenye mali mpya hatujui hata sura yake. Jovelyn akaja dukani na mpira kwapani. Huyu ndiye nahodha wa wasichana, ana miaka kumi na tano na mdomo wa mtu wa hamsini.

"Lola," akasema, maana watoto wote hapa wamenifanya bibi yao, "tumefukuzwa."

Niliwapa maji ya barafu wote. Wakacheza barabarani, wakisimama kila lori lilipopita.

Februari 3, Jumanne

Jua. Padri Nilo amepita dukani na karatasi. Ana miezi saba hapa, katokea mjini, mikono laini na mawazo mengi. Anasema ile ardhi tupu kando ya kanisa, inayoota magugu tangu nizaliwe, iwe makao ya ligi, makao ya kudumu, asije mtu tena akatuzungushia waya. Amechora sakafu ya zege, ringi mbili, na juu yake paa.

Niliitazama ile karatasi mpaka kahawa yake ikapoa na ya kwangu pia.

Niliandike wazi nisije nikajidanganya baadaye. Isko alianzisha Ligi ya Mtakatifu Isidro kwa ringi moja aliyoikunja mwenyewe kwa nondo, akaipigilia kwenye mnazi. Sharti lilikuwa moja: asiyekwenda misa hachezi. Kabla ya mchezo timu zote mbili zilishikana mikono duara moja, naye akasali kwa kirefu mpaka wadogo wakaanza kukanyagana vidole. Mvua ikinyesha aliwarudisha makwao wakinung'unika njia nzima, na kila mara aliwaambia, "Mwaka ujao tutaweka paa." Alisema hivyo miaka thelathini na minne. Watu walikuwa wakicheka, wakimwita Isko Mwaka Ujao, naye anacheka nao. Hata hospitalini, pumzi zimembana, Jovelyn alipokwenda kumwona alimwambia hivyo hivyo.

Mimi nimechoka na mwaka ujao. Nataka paa hili liwe juu kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Isidro, Mei 15. Nataka mvua inyeshe mwezi wa sita na watoto wasirudi nyumbani.

Februari 4

Nimempigia Ramil, yuko Saudia kwenye kazi za chuma. "Nanay, mama yangu, kenchi za paa na mabati niachie mimi," akasema. Nikamwomba Padri Nilo paa asilitangaze mpaka vyuma vifike. Watu wa hapa wameshacheka vya kutosha.

Februari 8, Jumapili

Padri ametangaza: kando ya kanisa itajengwa sakafu ya vijana, anayeweza atoe mikono, anayeweza atoe mchanga. Nilidhani kutakuwa kimya. Akasimama Ka Tinong.

Huyo ndiye mkubwa wa wakulima wetu, na alikuwa rafiki wa Isko tangu wote wawili hawana ndevu. Ndiye aliyemsimamia Ramil ubatizo, ndiyo maana ananiita kumare nami namwita kumpare, ingawa kuna miaka tumeitana hivyo kwa meno yaliyofungwa. Ni bahili wa kila kitu isipokuwa maneno. Leo akasema, "Sisi wakulima tutatoa simenti na mikono. Sakafu tunaihitaji." Wenzake wote wakaitikia kwa kichwa.

Nilishika benchi. Kumbe miaka yote nilimdhania vibaya.

Februari 12

Jua. Kokoto zimekuja kwa mikokoteni inayovutwa na nyati wa shamba. Nimepika uji wa mchele na tangawizi sufuria tatu, na bado haukutosha.

Februari 18, Jumatano ya Majivu

Majivu usoni, vumbi la simenti mikononi.

Februari 21, Jumamosi

Leo wamemwaga zege. Watu wamejipanga mstari kutoka kwenye rundo la mchanga hadi kanisani, ndoo inapita mkono kwa mkono, wanaume kwa wanawake, na Padri Nilo katikati, lengelenge limeshamtoka, na hataki kutoka mstarini. Tangu tulipojenga shule sijaona watu wa hapa wamejitoa hivi. Ningetoa chochote Isko awe amekaa pale akiwasumbua kwa maelekezo yake.

Ubishi ulikuwa mmoja tu. Ka Tinong alitaka sakafu iinamie kidogo upande wa magharibi.

"Uwanja wa mpira lazima uwe sawasawa," Padri akasema.

"Padri, maji yakituama hapa watoto watacheza au watavua samaki?"

Watu wakacheka, sakafu ikainamishwa. Kisha Ka Tinong akakataa kabisa kuwekwa ukingo wa matofali pembeni. "Mikokoteni itapandaje?" akauliza. Nikadhani anazungumzia mikokoteni ya barafu siku ya sikukuu. Niliona ametangulia kufikiri, nikampa mchuzi wa pili.

Machi 1, Jumapili

Mchezo wa kwanza kwenye sakafu yetu. Nimeandika "yetu" na nimelitazama hilo neno kwa muda.

Jana nilitoa ile ringi ya nondo chini ya kitanda. Dodong, fundi wa kuchomelea, ameifunga kwenye nguzo ya magharibi, na ya mashariki ameweka mpya ya dukani. Watoto walitaka zote mpya. Niliwaambia ringi hii imewaona baba zenu wakikosa, nayo itawaona na ninyi. Nikaweka meza yangu katikati, na kengele yangu, ile ya altareni iliyopasuka ambayo padri wa zamani alimpa Isko. Hailii, inakohoa tu. Kwa kikohozi hicho nimefungua na kufunga michezo yote ya ligi hii.

Padri Nilo akasali. Alimaliza upesi mno, nikaona aibu kwa niaba ya Isko. Mpira ukiachwa chini unatambaa wenyewe kwenda magharibi, watoto wanaukimbilia wakicheka. Nikamkumbuka Ramil na umri wake wa miaka tisa, mguu mmoja ndara ya baba yake na mwingine mtupu, akirusha mpira kwa mikono miwili toka kiunoni. Wakati ule bingwa alipewa bata mzima mzima, na yule bata alikuwa akitoroka karibu kila mwaka kabla fainali haijaisha, mchezo ukasimama, timu zote zikamkimbiza. Nilicheka peke yangu mezani mpaka mwamuzi akaniuliza kama nimepiga kengele au sijapiga.

Machi 9

Jua. Mpunga umeanza kuinama.

Machi 16, Jumatatu

Kenchi na mabati yamefika kwa lori, na kwa kelele zake watu wote wametoka nje. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani. Nilitaka kulisema mwenyewe, mbele ya wale waliocheka.

Ka Tinong akaja na jembe begani, moja kwa moja kutoka shambani. Akazunguka vile vyuma, akavigonga kwa ukucha.

"Kumare, hivi ni vya nini?"

"Vya paa."

"Paa la nini?"

"La sakafu, kumpare. Ramil kaleta. Lote, mwisho hadi mwisho."

Akatazama sakafu, akatazama jua, akanitazama mimi.

"Na mpunga tutaanika wapi?" akauliza.

Mimi sikumwelewa. Haki ya Mungu sikumwelewa, mpaka nilipoona nyuso za wenzake nyuma yake. Ile sakafu ya kinu ilikuwa ya watoto jioni, lakini mchana ilikuwa ya mpunga wao, msimu kwa msimu. Seng'enge iliwafungia nje wao pia. Walibeba ndoo zote zile wakijua wanajenga pa kuanikia, nami nilibeba nikijua najenga pa kuchezea, wala hakuna aliyemuuliza mwenzake, maana hapa kwetu sakafu ya zege ni sakafu ya zege, nani anaeleza? Nimeishi hapa miaka sitini na tisa. Kila msimu nimevuka mpunga ulioanikwa nikienda kuchota maji, na bado halikunijia.

Lakini sikusema hayo. Nilisema, "Barabara ipo. Anikeni barabarani, wengine wote wanafanya hivyo."

Akaliweka sawa jembe lake begani akaondoka.

Machi 17

Hakuna aliyekuja kazini.

Machi 18

Hakuna aliyekuja. Dodong peke yake, na Jovelyn na wenzake baada ya shule, wakishika kamba.

Machi 22, Jumapili

Tumegombana nje ya kanisa, maji ya baraka hayajakauka vidoleni.

Ka Tinong alianza kwa utulivu, hilo nampa. Alisema mvunaji anaingia shambani wiki ijayo, na mpunga mbichi hausubiri mtu, siku mbili gunia linapata joto, linanuka, mwenye kinu cha mjini anakufukuza. Alisema barabarani malori yanaukanyaga unavunjika. "Tuachie jua tu, kumare. Jua halina gharama."

Nikamwambia ameshapata jua miaka yote hii, sasa zamu ya watoto kupata kivuli.

"Watoto hao wanakula nini?"

"Mpunga hausali, kumpare," nikasema. "Hii ni nyumba ya ligi ya kanisa. Mpunga hauji misa."

Kisha akasema, polepole, ili wa nyuma wasikie, "Mishumaa unayoiona pale mbele nani ameinunua? Na hilo vazi la Padri? Mpunga huja misa kila Jumapili, kumare, sema hukai nao benchi moja."

Watu wakacheka, hata Padri Nilo alitazama viatu vyake. Nilimwambia ni bahili, na kwamba Isko angekuwapo angeona aibu kwa rafiki wa namna hii. Alifungua mdomo kama anayetaka kujibu, akaufunga. Akavaa kofia yake akaenda zake.

Nimeandika haya na bado nina hasira. Isko, uko upande gani?

Machi 28

Kenchi tatu za upande wa mashariki zimesimama na mabati yake yamepigwa. Bado tatu. Nusu ya sakafu ina kivuli. Nilikaa chini yake nikala samaki mkavu na wali, peke yangu, na kilikuwa kizuri, kile kivuli.

Aprili 3, Ijumaa Kuu

Hakuna kazi. Kwenye maandamano nilijikuta nyuma ya Ka Tinong, amebeba machela ya Bikira kwa bega lake linalomuuma siku nyingi. Sikusema naye. Mara mbili alilegea, na mara mbili nilinyoosha mkono nikaurudisha.

Aprili 7

Jua kali. Mpunga wa watu wote uko barabarani, upande mmoja wa lami umekuwa wa manjano kutoka darajani hadi shuleni. Nilikwenda uwanjani saa kumi na kengele yangu. Watoto wanne. Wengine wako barabarani na mifagio, wanasukuma mpunga ulioparuzwa na malori na kufukuza kuku. Jovelyn ni mjukuu wa Ka Tinong kwa mama yake, naye yuko huko na fulana yake ya ligi.

Paa lina kivuli kizuri na hakuna mtu chini yake.

Aprili 10

Watoto watatu.

Aprili 11

Dodong anauliza lini tuinue kenchi ya nne. Nimemwambia Jumatano. Mawingu upande wa mlimani, hayakuja.

Aprili 14, Jumanne

Yamekuja.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa uwanjani na Dodong, tunapima. Upepo ukabadilika, ukaleta ile harufu ya vumbi lililolowa, na nilipogeuka mlima haukuwapo. Mvua ya Aprili hatuitarajii, na hii ilikuja kwa haraka ya mtu mwenye deni.

Barabarani watu walikuwa wameshaanza kupiga kelele. Turubai walizokuwa nazo ni za kufunika pale pale, lakini lami yetu ina mfereji upande mmoja tu, maji yote hupita chini ya mpunga. Niliona Ka Tinong na wanawe wakikokota kwa koleo, wakijaza magunia wazi, na upepo ukiwafunulia yale waliyofunika.

Sikufikiri. Ningefikiri labda ningekumbuka hasira yangu. Nilichukua kengele nikaipiga. Haisikiki mbali, nikaipigia kwenye nguzo ya chuma, na hiyo ikasikika, paa zima likalia. Watoto wanaijua. Kwao kengele hiyo maana yake ni njoo uwanjani upesi au unakaa benchi. Nikamwona Jovelyn ameinua kichwa. Nikanyoosha mkono kuonyesha chini ya paa, nikapaza sauti niliyokuwa naitumia Ramil akiwa mtoto:

"Leteni huku! Leteni wote huku!"

Wakaja. Watoto wa ligi ndio waliotangulia, wawili wawili kwa gunia, maana hivyo ndivyo Isko alivyowafundisha kukimbia, wawili wawili. Kisha mikokoteni, na hapo nikaona kwa nini alikataa ukingo wa matofali, ilipanda bila kusimama. Padri Nilo alikuja amekunja kanzu kiunoni, anabeba mpunga kwa beseni la kubatizia, na hakuna aliyemwambia kitu. Dodong alishusha mabati yaliyobaki akayaegemeza kuzuia upepo. Mimi nilishika koleo. Nilitandaza mabango ya ligi, shuka za duka, vazi langu la juu. Maji yaliyoingia yakatelemka yenyewe kwenda magharibi, kwa ule mteremko wa Ka Tinong, na upande wa mashariki ukabaki mkavu.

Mpunga uliobaki barabarani ulikuwa mwingi. Siandiki kiasi gani, kila nyumba inajua yake. Lakini nusu ya sakafu ilijaa hadi magotini.

Mvua ilipotulia na kuwa ya kawaida watu walikaa juu ya magunia wakihema. Nilimwona Ka Tinong amekaa pembeni, analikanda bega lake. Nikaenda nikakaa gunia la pili. Bati lilikuwa linapiga kelele juu yetu, ilibidi tusogeleane ili tusikilizane.

"Kumare," akasema, "mnazi wa ringi ya kwanza ulikuwa wapi?"

"Kwenu. Karibu na sakafu ya baba yako."

"Kwa nini uwe pale?"

Nikamwambia sijui, Isko aliuchagua tu.

"Tulikuwa tunageuza mpunga wa baba, mimi na yeye. Unaugeuza, halafu unasubiri, unaugeuza, unasubiri. Isko akachoka kusubiri. Akakunja ringi. Saa kumi mpunga ukishakusanywa, sakafu inabaki tupu na ina joto, ndipo tunacheza. Ndugu zetu wadogo wakaja. Halafu na wa jirani. Halafu mkamleta padri."

Nilikumbuka. Nilikumbuka lile joto la sakafu jioni, lilivyopanda miguuni hadi magotini, na vumbi la mpunga. Watoto walirudi wakiwashwa mwili mzima. Nilimpaka Ramil mafuta ya nazi miguuni, analia na kujikuna, na baba yake anamwambia asiyejikuna hakucheza. Miaka yote hiyo sijaifikiria ile harufu, mafuta ya nazi na mpunga, na ilikuwa pale pale chini ya pua yangu, nimekalia gunia lake.

"Na paa?" nikauliza.

Ka Tinong akatazama juu. "Paa alilitaka kweli. Kila msimu alinijia. 'Tinong, tuweke paa?' Namjibu, 'Na jua la mpunga utalitoa wapi?' Anajikuna kichwa. Anakwenda kuwaambia watoto mwaka ujao."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka. Hakutaka kuwavunja moyo, wala hakutaka kutunyima jua. Akaona afadhali yeye achekwe."

Nilimwuliza mbona Isko hakuniambia mimi, mimi niliyekuwa namwambia kila kitu kwenye benchi lile.

"Ungemjibu nini?"

Ningemjibu mpunga hausali. Tulijua wote wawili, hatukulisema.

"Na wewe mbona hukunijibu siku ile kanisani? Ulifungua mdomo."

"Mbele za watu? Niseme kumpare wangu alikuwa anamficha mkewe? Angetoka kaburini anipige."

Hapo nilicheka, na kicheko kikageuka, nikalia mbele ya wakulima wote na Padri na watoto, na Ka Tinong akanipa kitambaa chake cha jasho, kichafu kabisa, nikajifutia.

Aprili 15, Jumatano

Jua. Asubuhi wamesukuma mpunga kwa reki kutoka kivulini hadi upande wa magharibi usio na paa, wakautandaza. Adhuhuri wingu likapita, wakausukuma kurudi chini ya paa, likaondoka, wakautoa tena. Haukuchukua muda. Watoto waliugeuza kwa miguu, wakiburuta nyayo mistari kwa mistari, wakibishana nani ana mistari iliyonyooka.

Dodong alikuja kwa ajili ya kenchi ya nne. Padri Nilo akasema kwa heshima, "Aling Sela, paa ni lako wewe na mwanao. Sema wewe."

Nilitazama mpunga uliotandazwa juani. Nilimwambia Dodong azime mashine ya kuchomelea, nusu ile ibaki na jua.

Aprili 16

Nimempigia Ramil. Alikasirika, vyuma vile vimemgharimu. Nikamweleza habari ya baba yake na ile "mwaka ujao". Kisha akauliza, "Bado wanajikuna?"

Nikamwambia njoo uone.

Aprili 26, Jumapili

Misa. Watoto ishirini na saba. Mpunga ulikusanywa saa kumi, mchezo ukaanza baadaye kidogo. Nilivua ndara.

Mei 6

Mabati na kenchi zilizobaki tumezipanga nyuma ya kanisa na kuzifunika. Ka Tinong alileta turubai yake mwenyewe. Huyu huyu bahili.

Mei 15, Ijumaa, Sikukuu ya Mtakatifu Isidro

Nyati wameoshwa na kuvishwa maua, sanamu ya Mtakatifu imezunguka mashamba, sote tumekula mpaka tukaona aibu. Saa kumi fainali ya wasichana.

Padri Nilo akasali. Amejifunza. Alisali kwa kirefu, akamwombea mvunaji na mwenye kinu na malori ya barabarani, na wadogo wakaanza kukanyagana vidole.

Ulikuwa mchezo wa ajabu. Timu moja inafunga kivulini, nyingine juani, halafu zinabadilishana, na kila mmoja analalamika kwamba upande aliopewa ndio mbaya. Mpira ukiponyoka unakwenda magharibi. Nimeiweka meza yangu pale pale paa linapoishia, bega moja kivulini na jingine nje. Ka Tinong alikaa karibu yangu akimpigia kelele mjukuu wake kwamba anarusha kama Isko, na kwamba hiyo si sifa.

Robo ya mwisho mvua ikaanza. Ya kwanza ya majira yenyewe, ile tunayoijua. Watu wote wakakimbilia chini ya paa, na bega langu la nje likalowa. Wachezaji hawakukimbia. Upande wa mashariki walicheza wakavu, upande wa ringi ya Isko walicheza wakiteleza, wakianguka na kuinuka wakicheka, na hakuna aliyerudi nyumbani. Nilikaa na mkono mdomoni.

Jovelyn alianguka karibu na meza yangu, akanyanyuka anachuruzika maji toka nywele hadi soksi. Nikasimamisha mchezo aangalie goti. Akaelekeza kidevu upande ule uliofunikwa na maji ya mvua.

"Lola, na kule tutaweka lini paa?"

Padri Nilo alinitazama. Ka Tinong alitazama mikono yake.

"Mwaka ujao," nikasema.

Ka Tinong ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote, mpaka wale wa nyuma ambao hawakusikia. Nami nilicheka nao, nikapiga kengele, nao wakarudi mvuani.